Kuweka rekodi za mitambo ya mafuta na gesi kwenye sistimu: mwongozo kamili, kuanzia saiti mpaka siku ya mkaguzi

Huu mwongozo nawaandikia wale waliopewa login ya sistimu ya kompliansi (yani ya kuonyesha mitambo inafuata sheria na masharti ya leseni) wakaambiwa "kuanzia leo wewe ndo utashika rejista ya mitambo", bila mafunzo ya maana na bila mtu wa kumuuliza. Labda uko depo ya mafuta Kigamboni, labda kiwanda cha gesi huko Mtwara au Lindi, labda kampuni yenye sheli kumi na tano. Sistimu zinatofautiana, kuna wanaotumia SAP, kuna Maximo, kuna zile ndogo za kulipia kwa mwezi, na kuna ambao bado wako kwenye Eksel, ila kazi ni ileile na makosa yanayotokea ni yaleyale.

Kwanza nikupe kisa kimoja, maana bila hicho utaona hii ni kazi ya kujaza visanduku tu. Tarehe 9 Septemba 2010 jioni, mji wa San Bruno kule California, bomba la gesi la inchi 30 la kampuni ya PG&E lilipasuka chini ya mtaa wanaoishi watu. Watu 8 wakafa, nyumba 38 zikateketea, na ilichukua dakika 95 mpaka gesi ikakatwa. Wachunguzi wa serikali, NTSB, walipofukua mambo wakakuta rekodi za kampuni zinasema kile kipande ni bomba lisilo na mshono, wakati kilicholala ardhini tangu 1956 kilikuwa bomba lenye mshono wa kuchomelewa, tena vipande vifupi vifupi vilivyoungwa na mishono mingine haijachomelewa mpaka ndani. Yani mtu alijaza neno moja kwenye kisanduku, neno likanakiliwa kutoka karatasi kwenda kompyuta, na miaka ikapita watu wanaliamini kwa sababu liko kwenye sistimu. Baadae kampuni ikalazimika kubeba makaratasi yake kwa malori mpaka ukumbi mkubwa wa Cow Palace ili watu wakae wayapekue moja moja, na mwaka 2015 ikaja adhabu ya dola bilioni 1.6.

Kwahiyo kanuni ninayoishi nayo ni hii: kila namba iliyoko kwenye sistimu lazima iwe na pa kurudi, ama karatasi yenye sahihi, ama chuma chenyewe ulichokiona kwa macho. Isiyo na pa kurudi iachwe wazi. Kisanduku kitupu kinamfanya mtu aulize, kisanduku chenye namba ya kubuni kinamfanya atulie.

HATUA YA 1: Tembea saiti kabla hujafungua kompyuta

Najua bosi anataka aone deshibodi wiki ijayo, mwombe siku. Chukua mchoro wa P&ID wa karibuni kabisa (ule unaoonyesha mabomba, valvu na vifaa vya mtambo vilivyoungana), chukua buti, kofia, kibali cha kuingia eneo, na mtu wa operesheni anayeijua saiti, halafu mtembee mstari kwa mstari. Kila kifaa piga picha mbili, moja ya kibati chenye maandishi ya kiwandani na nyingine ya mbali kidogo ionyeshe kifaa kimekaa wapi. Simu ya kawaida hairuhusiwi kwenye maeneo yenye hatari ya gesi, tumia kamera au simu iliyoidhinishwa kwa eneo hilo, na hili usilifanyie mchezo hata kama mwenzako anasema "haraka tu".

Kibati kikiwa kimepigwa rangi juu, usikisie. Kwenye saiti zetu za pwani chumvi na rangi mpya vimefuta vibati vingi sana, na wachoraji wa mkandarasi huwa hawaoni umuhimu wa kukifunika kabla ya kupuliza. Andika "kibati hakisomeki", omba kisafishwe taratibu, na tafuta cheti cha mtengenezaji kwenye mafaili ya mradi.

Ukirudi ofisini utakuwa na makundi matatu: vilivyoko kwenye mchoro na saiti, vilivyoko kwenye mchoro tu, na vilivyoko saiti tu. Hilo la tatu ndo la kulikimbilia, maana ni valvu au kipande cha bomba ambacho mtu alikifunga siku moja usiku kutatua tatizo na hakuna aliyekiandika popote, kwahiyo hakuna anayekikagua.

HATUA YA 2: Tofautisha kiti na anayekalia kiti

Nitakaa hapa muda mrefu kwa sababu ndiko nilikoona rejista nyingi zinaharibika.

Tegi, mfano PSV-101A, ni jina la kiti. Inasema "hapa, juu ya hili tanki la presha, inatakiwa valvu ya usalama". Namba ya siriali ni jina la anayekikalia hicho kiti leo. Kiti hakiendi popote, anayekikalia anabadilika. Sasa valvu za usalama zinatolewa mara kwa mara kupelekwa karakana kupimwa, na ili mtambo usisimame inafungwa spea. Ile iliyotolewa ikirudi na cheti chake inakaa storu mpaka zamu yake ifike, na zamu hiyo inaweza kuwa kwenye kiti kingine kabisa.

Kama sistimu yako umeiweka kwamba cheti kinaning'inia kwenye tegi peke yake, basi ujue siku moja utakuwa na cheti kizuri, cha tarehe nzuri, chenye mhuri, ambacho ni cha valvu iliyoko storu. Mimi hilo limenikuta. Saiti moja niliyofanya kazi, mkaguzi aliomba cheti cha valvu fulani, nikakitoa kwa sekunde kumi, akasema twende tukaione. Siriali ya kwenye cheti na ya kwenye chuma hazikufanana. Iliyofungwa pale ilikuwa imepitisha muda wake kwa miezi saba, na sistimu nzima ilikuwa inaonyesha kijani. Hakuna aliyedanganya, fundi alibadilisha valvu, mimi nikaapulodi cheti nilicholetewa, na baina yetu hapakuwa na fomu inayosema siriali ipi imeingia na ipi imetoka.

Kwahiyo tengeneza rekodi mbili zinazoungana: rekodi ya kiti (tegi, mahali, presha inayotakiwa kufungukia, kitu kinacholindwa) na rekodi ya kifaa (siriali, mtengenezaji, modeli, mwaka, vyeti vyake vyote). Cheti kinakaa kwenye kifaa. Tarehe ya kufungwa na kufunguliwa inakaa kwenye uhusiano wa hivyo viwili. Sistimu nyingi kubwa zina uwezo huu, ila watu hawauwashi kwa sababu unaongeza kazi. Uwashe. Kwa mita, geji, pampu na mitungi ni hivyohivyo. Kwa tanki kubwa la chini lisilohama unaweza kuviweka pamoja, hakuna shida.

Ukishaelewa hilo, mti wa rejista unakuwa rahisi: kampuni, halafu kituo, halafu mfumo (mfano upokeaji, uhifadhi, upakiaji, zimamoto), halafu kiti, halafu kifaa. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 14224, kinachopanga vifaa vya mafuta na gesi kwa makundi, ukikifuata mapema hutapata taabu siku mnahamia sistimu nyingine. Usishuke mpaka kwenye bolti. Shuka mpaka pale ambapo kuna kitu kinachokaguliwa, kinachopimwa au kinacholeseniwa chenyewe.

HATUA YA 3: Majina na vipimo

Chagua mtindo mmoja wa majina, uandike kwenye ukurasa mmoja, ubandike ukutani. TK-1, TK01, TK-001 na Tank 1 kwa macho yetu ni tanki moja, kwa kompyuta ni matanki manne na kila moja lina historia robo. Na angalia herufi O na sifuri.

Kila kisanduku cha namba kiwe na kipimo chake, usiache namba iko uchi. Bar 1 ni karibu psi 14.5, kwahiyo mtu akiandika 150 bila kusema 150 ya nini, unaweza ukawa na mtambo wa presha ya kawaida au wa presha ya kutisha. Kwa gesi sema pia kama presha ni ya geji au ni kamili pamoja na ya hewa. Kwa mafuta, ujazo usioambatana na joto ni nusu ya habari: petroli inatanuka kama lita 1.2 kwa kila lita 1,000 kwa kila nyuzi moja, dizeli kama lita 0.8, kwahiyo tanki la lita 30,000 za petroli likipanda nyuzi tano tu unaona lita 180 "zimeongezeka" bila gari kuja. Andika lita zilizoonekana, joto, na lita zilizorudishwa kwenye nyuzi 20, visanduku vitatu tofauti.

Tarehe nazo: sistimu zilizotengenezwa Marekani huwa zinaanza na mwezi. 03/04 kwetu ni tatu Aprili, kwao ni nne Machi. Kwenye visanduku usiandike mwezi kwa namba, andika 03-Apr-2025, basi.

HATUA YA 4: Kuingiza data ya zamani kutoka Eksel

Hapa Eksel inakuharibia kimyakimya. Siriali 004512 inageuka 4512. Siriali 12E5 inageuka 1200000, kwa sababu Eksel inadhani ni namba ya kisayansi. Tarehe nusu zinageuka na nusu zinabaki, maana 25/03 haiwezi kuwa mwezi wa 25 lakini 03/04 inaweza. Kabla hujabandika chochote zifanye kolamu zote kuwa maandishi matupu, halafu ingiza vifaa ishirini kwanza kama jaribio, kaa navyo mkononi na picha zake, linganisha kimoja kimoja, ndo uingize vingine.

Ongeza kolamu mbili ambazo hakuna atakayekuomba ila zitakuokoa: "chanzo" na "uhakika". Chanzo ni cheti namba fulani, picha ya kibati, mchoro fulani toleo fulani. Uhakika uwe na chaguo tatu tu: imeonekana kwa macho, iko kwenye karatasi, haijulikani. Neno "inadhaniwa" lisiwepo kabisa kwenye orodha yako, maana likishakuwepo linakuwa jalala. Baada ya San Bruno, mamlaka ya mabomba ya Marekani iliweka kipimo kwamba rekodi iwe inafuatilika, inathibitika na imekamilika, na hizi kolamu mbili zinakubebea viwili vya kwanza.

HATUA YA 5: Funga sheria kwenye kifaa, sio kwenye kalenda

Kalenda ya ofisi inasema "Machi: OSHA". Haitoshi. Kila wajibu uvunje hivi: nani anautaka, unagusa kifaa kipi, unarudiwa kila baada ya muda gani, ushahidi ni karatasi gani, nani anawajibika kwa jina lake na msaidizi wake.

Kwa Tanzania, Sheria ya Petroli ya 2015 iligawa kazi: PURA anasimamia mkondo wa juu, yani utafutaji na uzalishaji, na EWURA mkondo wa kati na wa chini, yani usafirishaji, uhifadhi na uuzaji. Juu ya hao wapo NEMC kwa mazingira, OSHA kwa vyombo vya presha, vya kunyanyulia na usalama wa wafanyakazi, Zimamoto, Wakala wa Vipimo kwa pampu za sheli, mita na matanki ya malori, na TRA kwa zile mashine za risiti zilizounganishwa na pampu. Pampu moja ya sheli inaweza kuwa na wakubwa wanne kwa wakati mmoja. Kenya utakutana na EPRA kwa mafuta na NEMA kwa mazingira, na mradi kama bomba la mafuta ghafi la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani Tanga, linavuka nchi mbili kwahiyo kila kipande lazima kiwe na alama ya nchi kilipo, la sivyo ripoti ya upande mmoja inabeba vifaa vya upande mwingine.

Muda wa kurudia usiuchukue kwa mazoea, chukua kwenye leseni yako na masharti yake. Soma leseni nzima, hasa kiambatisho cha nyuma, huko ndo yanakaa masharti yaliyoandikwa kwa ajili ya kituo chako peke yake. Kwa viwango vya kiufundi, kuna vile vya API, taasisi ya petroli ya Marekani: API 510 inataka chombo cha presha kikaguliwe nje angalau kila miaka 5, na ndani kwa miaka 10 au nusu ya maisha yaliyobaki, ile inayofika mapema. API 653 ni ya matanki makubwa ya juu ya ardhi, API 570 ni ya mabomba ya kiwandani.

Hiyo "nusu ya maisha yaliyobaki" ndipo namba mbovu inapouma. Tuseme chombo, bati lake kwenye mchoro ni milimita 12.7, na mtu akaingiza hiyo kama unene wa kuanzia. Baada ya miaka 10 kinapimwa 11.9. Sistimu inasema kimeliwa 0.8, yani 0.08 kwa mwaka. Unene wa chini unaoruhusiwa ni 10.1, kwahiyo kimebaki 1.8, gawa kwa 0.08, miaka 22 na nusu, nusu yake ni zaidi ya 10, haya tukutane baada ya miaka 10. Sasa fungua cheti cha kiwandani ukute siku kinatoka bati lilipimwa likawa 13.1, maana mabati huwa yanatoka na nyongeza. Kilicholiwa ni 1.2, yani 0.12 kwa mwaka, kilichobaki kinakwisha kwa miaka 15, na ukaguzi wa ndani ni baada ya miaka 7 na nusu. Tofauti ni miaka miwili na nusu chombo kinafanya kazi bila kuangaliwa ndani, na chanzo ni mtu aliyeandika namba ya mchoro badala ya namba iliyopimwa.

Tarehe inayofuata ihesabiwe kutoka siku kazi ilipofanyika saitini, sio siku ulipoapulodi. Na ukumbusho weka siku 90, 60 na 30 kabla, kwa leseni weka hata 180, maana kabla ya leseni kutoka huwa kuna karatasi nyingine tatu zinazotakiwa kwanza.

HATUA YA 6: Kupokea cheti

Usiapulodi cheti kama unavyoweka picha. Kisome. Siriali inafanana na chuma? Tarehe ya kazi ipo, sio ya kuchapisha tu? Matokeo ya kabla ya kurekebisha yameandikwa pamoja na ya baada? Geji iliyotumika kupimia nayo ina cheti chake, na siku ile kilikuwa hai? Nimeshakirudisha cheti kwa hilo swali la mwisho zaidi ya mara moja na mkandarasi alinuna, lakini alileta kingine. Skani iwe inasomeka, jina la faili lianze na siriali, halafu aina ya cheti, halafu tarehe kwa mtindo wa 2025-04-03 ili yajipange yenyewe.

HATUA YA 7: Mabadiliko na vifaa vinavyotoka

Kitu kikibadilishwa saitini, kibali cha kazi kisifungwe mpaka fomu ya siriali iliyoingia na iliyotoka imefika kwako. Ongea na msimamizi wa operesheni iwe sheria, ukiomba kwa hisani utaletewa wiki ya kwanza tu.

Usifute kifaa. Kamwe. Kifaa kilichotoka kinabadilishwa hali, kinaandikwa kimeenda wapi na lini, historia inabaki. Na hali zenyewe zichunge: kwenye sistimu nyingi ukiweka "kimesimama" vikumbusho vyote vinanyamaza, kwahiyo mtu mwenye kazi zilizopitiliza anaweza kuzinyamazisha kwa kubofya mara moja. Kubadilisha hali kutake ruhusa ya mtu wa pili, na kila mwezi toa orodha ya vyote vilivyobadilishwa hali. Tanki lililosimama bila kusafishwa bado lina mvuke ndani, ukaguzi wake hausimami.

Paswedi ya pamoja ikatae hata kama mko wawili tu ofisini. Kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini haina maana kama wote ni "admin".

HATUA YA 8: Jipime mwenyewe kila mwezi

Chagua tegi kumi kwenye sistimu bila kuangalia, nenda ukazione saitini. Halafu ukiwa hukohuko chagua vifaa kumi kwa macho, rudi uvitafute kwenye sistimu. Njia zote mbili, maana ya kwanza inakamata rekodi zisizo na chuma na ya pili inakamata chuma kisicho na rekodi. Siku ya kwanza kuanza hili tulikosa sita kati ya ishirini. Tuliandika hizo sita na sababu zake, na sababu nne zilikuwa moja: kifaa kilibadilishwa zamu ya usiku.

Siku mkaguzi akija, mpe anachoomba, mwonyeshe mapengo unayoyajua na tarehe ya kuyaziba. Usizibe kitu asubuhi ile, sistimu inaandika saa.

HATUA YA 9: Nakala

Kila robo mwaka toa rejista yote nje ya sistimu, jedwali moja la vifaa, moja la viti, moja la uhusiano wao, na vyeti vyote kwenye folda kwa siriali. Kabla ya kusaini mkataba na kampuni ya sistimu, hakikisha kuna kifungu kinachosema data ni yenu na mtapewa yote pamoja na viambatisho mkiondoka, maana kuna wanaokupa jedwali tupu na vyeti vinabaki kwao. Nakala ikishatoka usiiweke tu kwenye diski, fungua vyeti kumi humo ndani kwenye kompyuta ambayo haijaunganishwa na sistimu, na kisichofunguka kitafute kiapulodiwe upya siku hiyohiyo, wakati fundi aliyekisaini bado yupo.